Masika Yanakuja: Tutazame Mguu wa Ukuta

Mazungumzo ya kikundi cha wahitimu wa kisomo mbele ya wanakijiji wa Kigombe, wilaya ya Muheza, kabla ya mvua za masika

 

Sisi ni wale wale mnaotujua. Wengine tunavua, wengine tunafuata pweza miambani maji yakipwa, wengine tuna mashamba ya minazi na mihogo, na wapo kati yetu waliokata mkonge mpaka mikono ikawa kama mbao. Kilichotukusanya ni darasa la jioni. Tulijifunza kusoma na kuandika tukiwa watu wazima, wengine tukiwa tayari na wajukuu. Tumeombwa tuseme machache juu ya nyumba na mvua. Tumeyaandika ili tusisahau, na mwenzetu mmoja ndiye atakayesoma. Akikwama mvumilieni, maana miwani aliyovaa si yake.

Tuanze na picha. Siku moja darasani tulitazama picha ya nyumba moja huko Ujerumani. Paa lilikuwa jeupe, uwanja mweupe, miti myeupe. Mbele ya mlango alisimama mtu na koleo, anachota kile cheupe na kukitupa kando. Bibi mmoja wa darasani akauliza: "Huyu anachota chumvi au unga?" Tukacheka. Mwalimu akatueleza kuwa ile ni theluji, yaani maji yaliyoganda huko juu kwa baridi na kuanguka mepesi kama pamba. Hata kwetu Tanzania ipo, kule juu ya Kilimanjaro, lakini wenzetu wale huiona inawashukia mlangoni.

Kumbe ile pamba ina mambo. Ikirundikana juu ya paa huwa nzito, na nyumba zimekwisha kuanguka kwa sababu hiyo. Ikiyeyuka mchana na kuganda tena usiku, njia huwa barafu tupu, mtu anateleza anavunjika nyonga. Kwa hiyo sehemu nyingi za theluji nyingi watu hujenga mapaa yaliyosimama, ili theluji iteremke. Njiani humwaga mchanga au chumvi. Na jambo lililotushangaza zaidi ni hili: katika miji mingi ya Ujerumani mwenye nyumba analazimika kuondoa theluji kwenye njia ya watu iliyo mbele ya nyumba yake, asubuhi mapema kabla watu hawajakwenda kazini. Mpita njia akiteleza pale na kuumia, mwenye nyumba anaweza kuulizwa.

Mzee mmoja akasema: "Kumbe na wao wana masika yao."

Basi hapo ndipo mazungumzo haya yalipoanzia. Maji yao huja yakiwa magumu, yetu huja laini. Lakini kazi ni ile ile: kuyaondoa nyumbani kabla hayajafanya hasara, na kuangalia yanakokwenda. Tena kwetu hayo laini ni hatari kuliko tunavyodhani, kwa sababu sehemu kubwa ya nyumba zetu ni za miti na udongo.

Tukiulizwa nyumba huangushwa na nini wakati wa masika, wengi tutasema ni upepo, au ni mvua inayopiga. Mara chache ni hivyo. Nyumba ya udongo huangushwa na maji yaliyotulia mguuni mwa ukuta. Udongo mkavu hushikana, unaweza kubeba paa miaka mingi. Udongo uliolowa hulainika. Sasa ukuta ukilowa chini, na juu bado ni mkavu na mzito, ule wa juu unakuwa umekalia uji. Zile nguzo na fito za ndani nazo huoza pale pale chini, mahali pa unyevu, na mchwa hupenda papo hapo. Nguzo ya mkandaa ni ngumu, twaijua, lakini si chuma.

Hebu tufanye hesabu kidogo, maana tulifundishwa hesabu ili tuitumie. Chukua nyumba ambayo paa lake limefunika mita 8 kwa mita 6. Hiyo ni mita za mraba 48. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huwa ni lita 1 ya maji. Sasa ikinyesha mvua kubwa ya usiku mmoja, tuseme milimita 50, yaani ukitega sufuria uwanjani maji yanafika kama upana wa vidole vitatu. Zidisha 48 kwa 50. Unapata lita 2,400. Gawanya kwa ndoo ya lita 20. Unapata ndoo 120. Kama paa ni la pande mbili, ndoo 60 zimeanguka upande huu na ndoo 60 upande ule.

Jamani, akija mtu usiku na kumwaga ndoo 60 mguuni mwa ukuta wako, si utamwita mchawi? Lakini paa lako mwenyewe linafanya hivyo, nawe umelala unasema "mvua ya leo tamu." Na hiyo ni mvua moja tu. Kwa mwaka mzima pwani yetu ya Tanga hupata zaidi ya milimita 1,000. Nyumba ile ile itakuwa imemwaga zaidi ya ndoo 2,400.

Kwa hiyo basi, la kwanza ni upenu. Upenu ukiwa mfupi, mchirizi wa paa huangukia karibu na ukuta, na matone yakigonga ardhi hurusha tope mpaka magotini mwa ukuta. Nyumba nyingi hapa kijijini ukizitazama utaona alama hiyo, ukuta umeliwa chini kama muhogo ulioguguniwa na panya. Upenu wa dhiraa moja na nusu kutoka ukutani unatosha kwa nyumba nyingi. Upande unaotazama kusi na bahari uongeze zaidi, kwa sababu masika huja na upepo wa kusi na mvua hupiga kwa ubavu. Wazee waliojenga baraza pana upande huo hawakuwa wakitafuta mahali pa kuchezea bao tu.

La pili ni kuinua ardhi. Pale mguuni mwa ukuta pasiwe bonde. Watu wengi hufagia uwanja kila asubuhi, na ufagio mwaka hata mwaka huchukua udongo, mpaka uwanja unakuwa chini na mguu wa ukuta unabaki wazi, au panakuwa na kijishimo kando ya msingi. Rudisha udongo, ushindilie kwa mchi au gogo, uwe na mteremko kwenda nje. Chini ya mchirizi panga kokoto au mawe madogo, ili matone yasirushe tope. Mawe ya zamani ya nchi kavu yapo ya kutosha. Usiende kuvunja matumbawe yaliyo hai baharini, hayo ndiyo nyumba ya samaki wetu.

La tatu ni mtaro. Uwe hatua moja au zaidi kutoka ukutani, kina cha shibiri mbili, na uteremke bila kukatika mpaka mahali maji yanapotoka. Wengi huchimba kwa macho. Macho hudanganya, hasa hapa kwetu ambapo ardhi ni tambarare. Chukua chupa nyeupe, itie maji nusu, ifunge, ilaze juu ya ubao ulionyooka, nao ubao uulaze ndani ya mtaro. Ukiona maji yamekwenda upande mmoja wa chupa, huko ndiko chini. Au mwaga ndoo moja ya maji mwanzo wa mtaro, uyafuate kwa miguu. Yakisimama njiani, hapo pana kazi.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo hatusemi kwa furaha.

Masika ya mwaka 2017 sisi wenyewe tulichimba mtaro. Ulikuwa mtaro mzuri, tukausifu. Ulizunguka nyumba ya mwenzetu mmoja, ukakusanya maji yote, ukayapeleka kando. Hilo neno "kando" ndilo lililotufunga. Kando pale palikuwa na jiko la jirani yake, mama mjane mtu mzima. Jiko la udongo na makuti, peke yake, nyuma ya nyumba. Hatukumwuliza. Tuliona maji yameondoka kwetu, tukaosha majembe.

Mwezi Mei mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Usiku wa tatu ukuta wa jiko lile ukalala. Si kwamba ulibomoka kidogo kidogo, ulilala wote mara moja kwa ndani. Mjukuu wa yule mama, mtoto wa miaka minane, alizoea kulala mle jikoni kwa sababu kuna joto la majivu. Usiku ule alikuwa amepelekwa Tanga kwa shangazi yake. Asubuhi tulikuta ukuta umeulalia mkeka wake.

Yule mama hakupiga kelele. Alisimama pale na kanga imelowa, akasema: "Maji yenu yamelala kwangu." Basi. Tulilijenga jiko lile upya kwa mikono yetu, na mtaro tukaufukia tukauchimba kwa njia nyingine, ndefu mara tatu. Lakini ule mkeka hatujausahau, na ndiyo sababu leo tunasema mbele za watu na si pembeni.

Mtu yeyote anayechimba mtaro amwite kwanza jirani aliye upande wa chini. Wasimame wote wawili waonyeshane maji yatapita wapi. Wakishindwana, waite mwenyekiti wa kitongoji. Yule Mjerumani wa kwenye picha anaondoa theluji kwa ajili ya mtu anayepita tu, hata hamjui jina. Sisi tunajuana mpaka majina ya mabibi, halafu tunamwagiana maji usiku.

Na tujue dalili za ukuta unaotaka kuanguka, kwa maana hausemi "hodi." Ukiona ukuta umetoka tumbo, ni dalili. Ukiona ufa mrefu karibu na chini, au kwenye kona pande mbili zinaachana, ni dalili. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri jana na leo unakwama, usimlaumu fundi, huenda nguzo imezama. Udongo ukidondoka wenyewe usiku, chwa chwa chwa, amka. Usiseme nitatazama kesho. Hamisha watoto na wazee walale chumba cha upande mwingine au kwa jirani. Egemeza boriti kwa nje ukiweza kufanya hivyo bila kusimama chini ya ukuta wenyewe. Tena mvua ikikatika na jua likatoka, usidhani hatari imekwisha. Maji yaliyoingia ndani ya ukuta bado yamo, na kuta nyingine huanguka mchana wa jua watu wakianika nguo kando yake.

Watu wanatuuliza juu ya kukandika. Kandika kabla ya masika, kukiwa bado kukavu, siyo mvua imekwisha kuanza. Udongo wa kichuguu ni mzuri, uchanganye na mchanga ili usipasuke, na kinyesi cha ng'ombe kikipatikana hushika vizuri zaidi. Ukaukapo na kutoa nyufa ndogo, pitisha mkono wa pili. Chokaa ukiweza. Lakini kupiga sementi juu ya ukuta wa udongo, hapo sisi tunaona watu wanapoteza fedha. Sementi na udongo havipendani. Baada ya muda huachana, maji huingia katikati, na kwa nje unaona ukuta wa maana, kumbe ndani ni tope. Kama fedha ya mifuko miwili ya sementi ipo, itie kwenye msingi wa mawe.

Paa hatutalisemea sana, maana mafundi wa makuti wapo hapa na wanatujua tusijue. Ila makuti yakiwa na umri usibandike mapya machache juu ya mabovu na kujidanganya. Na paa la makuti lisilale. Likilala maji hutembea polepole na kutafuta tundu, likisimama maji hukimbia, kama wale wenzetu na theluji yao. Mwenye bati naye asijione amepona. Bati jepesi lililopigiliwa kwenye kombamoyo lisilofungwa vizuri, upepo hulichukua likawa kisu. Funga kombamoyo kwenye mwamba kwa waya, si kwa misumari peke yake. Bati lina faida yake moja kubwa, nayo ni maji ya kunywa. Tega mfereji wa bati ukingoni, peleka maji kwenye pipa au simtangi. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi na mavi ya ndege, usiitege hiyo. Zile ndoo 120 tulizohesabu, ukipata hata 20 tu umepumzisha kichwa cha mama mmoja siku kadhaa. Pipa lifunikwe.

Tumesema lifunikwe kwa sababu ya mbu. Yai la mbu kuwa mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo ukimwaga maji yaliyotuama mara moja kila wiki, humpi nafasi ya kukua. Kwetu Kigombe maadui ni vifuu. Tunakuna nazi, tunatupa kifuu nyuma ya nyumba, kimekaa kama bakuli. Mvua ikija kila kifuu ni kisima cha mbu. Yule mbu wa homa ya dengue, mweusi mwenye madoa meupe, anayeuma mchana, anapenda vyombo vidogo kama hivyo, na magurudumu mabovu pia. Mwaka 2019 dengue iliingia mkoa wetu wa Tanga, si jambo la Dar es Salaam peke yake. Choma vifuu, au vilaze kifudifudi. Chandarua tunalala nacho kwa sababu ya yule mbu wa malaria wa usiku, lakini chandarua hakikulindi mchana ukiwa unachambua mchicha.

Makumbi ya nazi, kinyume chake, ni rafiki wa masika. Njia ya kutoka mlangoni kwenda chooni na kwenda kisimani iwekee makumbi yaliyoshindiliwa, au mchanga na kokoto. Baraza la sementi huota utelezi wa kijani mvua zikizidi. Lisugue kwa mchanga na ufagio mgumu. Tunao wazee wawili hapa kijijini ambao tangu walipoteleza kwenda chooni usiku hawajatembea sawasawa tena. Kule kwa wenzetu barafu, kwetu utelezi, nyonga ni ile ile.

Choo na kisima sasa. Hapa maji yetu ya chini yako karibu, mtu anachimba kidogo anapata. Ni neema, lakini ni hatari vile vile, kwa kuwa shimo la choo nalo linakutana na maji hayo. Choo kiwe mbali na kisima, si chini ya mita 30, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Sakafu ya choo iinuliwe juu ya ardhi na izungushiwe tuta, maji ya mvua yasiingie shimoni, maana yakiingia, kilichomo hutoka na kutembea kijijini. Kisima nacho kijengewe ukingo na kifunikwe.

Wazee mliopo mnakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakasoma vijitabu, kisha wakatoka na majembe. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa, majani yakafyekwa karibu na nyumba. Wapo wanaosema yale yalikuwa mambo ya zamani. Kipindupindu hakikusikia kwamba ni zamani. Kilienea nchini mwaka 1977, na kikarudi kwa nguvu kuanzia Agosti 2015. Maji ya kunywa yachemshwe, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Sasa tunaweza kusoma kipimo, hatuna udhuru. Mtu akiharisha maji mfululizo apelekwe zahanati haraka, na njiani anyweshwe: lita 1 ya maji safi, sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha, chumvi nusu ya kijiko kidogo. Usizidishe chumvi. Kama pakiti ya chumvichumvi ya zahanati ipo, hiyo ni bora zaidi.

Jambo jingine dogo kwa maneno lakini linaua. Masika yakiisha huja baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Kusi linavuma usiku, kuni zimelowa, mtoto mchanga anatetemeka. Mama anavuta jiko la mkaa mpaka chumbani, anafunga mlango na dirisha. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala haina harufu. Watu hulala na hawaamki. Hata huko kwenye theluji watu hufa hivyo kila mwaka. Jiko likae nje au mahali penye hewa. Mtoto avikwe, alazwe kifuani kwa mama yake. Na kuni zianze kukusanywa sasa hivi, kungali kukavu, zipangwe darini jikoni au chini ya upenu, juu ya mawe zisiguse ardhi. Ukingoja mwezi wa nne utapuliza mpaka macho yatoke.

Radio isikilizwe. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika kabla hayajaanza, na hutoa tahadhari. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania, habari zilitangulia kufika, watu wakapata nafasi ya kuvuta vyombo juu. Wapo waliosema "hawa wanatutisha." Afadhali kuvuta ngalawa bure mara tano. Na sisi watu wa bahari tunajua jambo ambalo redio haitutajii kwa kila kijiji: mvua kubwa ikikutana na bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, bahari ikijaa huziba midomo ya mitaro. Maji ya nchi kavu hayana pa kwenda mpaka yapwe. Siku hizo ndizo za kulala jicho moja, hasa nyumba za upande wa mikoko. Na mikoko yenyewe tusiikate. Inapunguza nguvu za mawimbi na inashika udongo, na mtaro wetu mkubwa unaishia humo.

Huo mtaro mkubwa ndio ombi letu la mwisho. Kila mtu akichimba wa kwake na wa pamoja umejaa takataka, tumefanya kazi bure. Tumeutembea wote wiki iliyopita na daftari. Tumehesabu sehemu 11 zilizoziba: nailoni, makuti, nyavu mbovu, na sehemu moja mtu amepanda mgomba katikati. Mgomba hatutaung'oa bila mwenyewe kuwapo, naye anatusikia hapa, anacheka.

Tumekubaliana na serikali ya kijiji iwe msaragambo Jumamosi hii, saa 1 asubuhi, kabla jua halijawa kali. Tutaanzia upande wa barabara ya Pangani na kushuka kwenda pwani. Mwenye jembe aje na jembe, mwenye koleo aje na koleo, asiye na kitu aje na karai la kubebea tope. Akina mama wa pweza, tumetazama maji ya siku hiyo, yanapwa mchana, mtawahi. Vijana wenye nguvu tunawahitaji kwenye lile kalavati, limejaa mchanga mpaka juu. Mafundi wa makuti wamekubali kupita nyumba za wazee wasio na watu wa kuwasaidia, kuanzia kwa yule mama wa jiko, na majina mengine mtupe leo kabla hamjaondoka. Daftari liko pale mlangoni, kila mtu aandike mwenyewe.

 Miwani irudishwe kwa mwenyewe.